Mfongo wa Meno Meupe

1

Yai halikuwa na ganda. Nililiokota kwenye kiota cha tope, likanilalia kiganjani laini, likitikisika kama uji kwenye mfuko wa nailoni. Nikaokota la pili, nalo vilevile. Asubuhi ile nilipita viota thelathini kwenye ukingo wa Ziwa Lolmwate na sikupata hata yai moja gumu. Heroe wenyewe, ndege waliotaga mayai hayo, walisimama mbali kidogo, wekundu wao umefifia, na nilipowasogelea hawakujisumbua kuruka.

Wilfredi Akyoo, fundi wangu wa maabara tangu mwaka wa kwanza wa mradi, alichota maji ya ziwa akayatia kwenye kioo cha kupimia. Akakitazama, akanipa. Nikamwambia kioo kimeharibika. Akachota maji mengine, akaosha kioo, akapima upya. Jibu likawa lile lile: chembe zipo, nyingi, na zote hai.

Hazikupaswa kuwa hai. Ninajua kwa sababu nilizitengeneza mimi. Miaka tisa iliyopita magazeti yaliandika kwamba Eliaichi Nanyaro, binti wa kijiji cha Nkoanesi, amepata nanoteknolojia isiyoacha taka, nami nikayakata magazeti yale nikayatundika ukutani kama vyeti. Chembe elfu moja zikipangwa ubavu kwa ubavu hazizidi unene wa unywele. Nilizitengeneza kwa maganda ya mayai na unga wa mifupa ya machinjioni. Zinanasa floraidi iliyomo majini na kujizalisha kwa chokaa ya maji hayo hayo, hazitaki umeme wala kiwanda. Mfongo wa kijiji, mfereji unaoanzia chemchemi ya mlimani, unazishusha mpaka ziwani, na humo maji makali ya magadi yanaziyeyusha zote. Huo ndio uliokuwa usalama wetu. Zinazaliwa kwenye chemchemi na kufia ziwani, kwa hiyo hazitamfikia mtu ambaye hakuziomba.

Sasa ziliogelea ndani ya magadi kama zimezaliwa humo, zikila chokaa yote waliyotegemea ndege kutengeneza maganda ya mayai yao. Wilfredi aliniuliza ziwa likifurika nini kitatokea. Alijua jibu, alitaka tu nilitamke. Masika yakianza, ziwa hufurika na kuungana na mto mkubwa, na mto mkubwa unakwenda mpaka baharini, ukipita kwenye mashamba na miji ya watu ambao hata hawajui Nkoanesi iko wapi. Huko kuna samaki, konokono, kaa, matumbawe, kila kiumbe kinachojijenga kwa chokaa.

"Siku tisa," nikasema. "Wa hali ya hewa wanasema siku tisa."

2

Nilikwenda nyumbani kwa mama kwa sababu sikujua kwingine kwa kwenda. Mtu anayeogopa hurudi alikolelewa, hata kama ana shahada tatu.

Nilimkuta jikoni anapika makande. Binti yangu Ndeenengo, ambaye wote tunamwita Nengo, alikuwa nje akicheza na mbuzi. Ana miaka minane na ni kitinda mimba wa nyumba ile, maana baada yake sikuzaa tena. Alicheka niliposhuka kwenye pikipiki, akaacha meno yake yote wazi. Kijijini kwetu kicheko cha namna hiyo ni kitu kipya. Mimi na mama tunacheka tumefunika mdomo kwa ncha ya khanga, kwa kuwa meno yetu yameoza rangi kama chuma kilicholala mvuani. Kaka yangu Kanankira, floraidi ilimpinda miguu akiwa na miaka sita, ikamkaza mgongo akiwa na ishirini, na akiwa na thelathini tukamzika kwenye jeneza lililotengenezwa kwa kipimo chake, kwa sababu hakunyooka. Kila nilichofanya maishani nilikifanya kwa hasira ya jeneza lile.

Mama alifungua kopo, akachukua magadi kwa vidole vitatu, akayatupia kwenye sufuria ili mahindi na maharage yaive upesi. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara. Makande yalipochemka akainamisha sufuria, akamwaga maji ya kwanza ili kuondoa uchungu, na maji yakateremka kwenye kijia chao cha siku zote mpaka mfongoni.

Nikamuuliza kama huwa anamwaga hapo kila siku. Akanishangaa. Alitaka kujua mimi nilitaka ayamwage wapi, kitandani? Kila nyumba humwaga hapo, tangu enzi za bibi yake.

Nilikaa chini pale pale, kwenye majivu. Nilipojaribu chembe zangu maabara, nilizijaribu kwenye maji safi na kwenye maji ya ziwa. Kwenye maji safi ziliishi, kwenye ziwa zikafa, nikapiga makofi. Sikuwahi kuzijaribu kwenye jiko la mama. Nyumba sabini na moja, kila siku, kwa miaka tisa, zilikuwa zikizilisha chembe zangu magadi kidogo kidogo, kiasi cha kuua dhaifu na kubakiza sugu. Sugu zikazaa sugu. Ndivyo mbu walivyoizoea dawa, na mtoto wa darasa la saba anajua hilo. Mimi nililelewa kwa makande yale, nikayala mpaka siku niliyopanda basi kwenda chuo kikuu, na halikunijia akilini hata mara moja.

Nikiwa bado nimekaa pale tukasikia mlio mkavu nje, kisha Nengo akalia.

Alikuwa ameinua jiwe la nyumba. Kwetu kila mwaka kabla ya masika tunafunga mfongo ili kuuzibua, na haufungwi kwa geti wala saruji. Kila nyumba inaleta jiwe lake, lenye alama yake, na kitinda mimba wa nyumba ndiye anayeliweka mdomoni mwa mfongo. Jiwe lako likishaingia majini hulali nje ya Nkoanesi mpaka mawe yatolewe. Hakuna polisi wa jambo hilo na hakujawahi kuhitajika. Jiwe letu alilichonga Kanankira, lina alama ya mundu, na mwaka mzima hukaa likizuia mlango wa jiko usifungwe na upepo. Uzito wake haufiki kilo nne. Nengo alikuwa akijizoeza kulibeba kwa ajili ya siku yake, na mkono wake wa kushoto ukavunjika kati ya kiwiko na kiganja.

3

Daktari Magesa alitundika picha ya eksirei ukutani. Tulifahamiana. Yeye ndiye aliyepima watoto wa mwanzo wa mradi na kutangaza kwamba meno yao ni mazuri kuliko ya mjini.

Mfupa wa mwanangu ulikuwa na vyumba vyumba kama sega la nyuki. Daktari alikuwa na picha nyingine kumi na moja mezani, za watoto kumi na mmoja wa Nkoanesi walioletwa tangu mwezi uliopita, na zote zilifanana. Aliniambia anavyoelewa yeye, na alikuwa ameelewa sawasawa. Mifupa ya sisi wazee ilikwisha kujengeka kabla ya chembe, kwa hiyo kwetu chembe ni wapangaji tu. Waliozaliwa baadaye walizinywa tangu tumboni mwa mama zao, na mwili ulipokosa chokaa ya kutosha ulijenga kwa kilichokuwepo. Chembe zilikula chokaa kisha zikawa ndizo matofali.

"Zikifa ghafla?" nikauliza.

"Ukitoa matofali ukutani, nyumba inakuwaje?"

Zilikuwa zinaweza kufa ghafla, na hilo ndilo jambo ambalo yeye hakulijua. Stoo ya mradi ilikuwa na mapipa manne ya dawa tuliyoiita kifungulio. Inamwagwa kwenye chemchemi, chembe moja ikiguswa inafumuka na kufumua ya jirani, na ya jirani inafumua ya pili yake, mpaka ziwani. Kwa wiki moja mlima wote unakuwa safi. Anayeyanywa maji hayo naye anafumuliwa chembe zake. Mtu mzima ataumwa viungo mwezi mmoja. Mtoto wa chini ya miaka tisa hatasimama tena, na wengine mbavu hazitawahimili kupumua.

Nilimuuliza daktari kama kuna njia nyingine, nikamweleza habari ya kifungulio bila kuficha kitu. Akafikiri. Akasema watoto wakipewa dawa hiyo tone kwa tone, kwa maziwa na chokaa, mfupa mpya ukijengwa huku wa zamani ukiondolewa, huenda ikawezekana. Ingechukua miaka mitano au sita. Muda huo wote wasinywe maji ya mfongo, na wasikanyage nje ya kijiji, kwa sababu chembe zinatoka kwenye mkojo wao zikiwa hai. Mtoto mmoja akihamia Dodoma, chembe zimehamia Dodoma.

Nilitoka nje nikampigia Mkurugenzi wa mradi. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Akaniagiza nimwage kifungulio keshokutwa asubuhi na nisimwambie mtu. Nikamkumbusha watoto ni mia moja na wanne. Akanijibu kwamba huko chini wako milioni. Nikisema, akaendelea, kila mzazi atambeba mwanawe na kukimbia usiku huo huo, na chembe zitakimbia nao pande zote za nchi. Mimi kama mzazi, aliniuliza, nisingekimbia?

Nitakachosema sasa ninakisema kwa aibu. Nilitoka hospitali nikapitia dukani, nikanunua katoni sita za maji ya chupa. Nikampelekea mama, nikamwambia Nengo asinywe maji mengine wala kuoga mengine, na yeye mama asimweleze jirani. Alinitazama, akazitazama katoni, akaniuliza watoto wa jirani watakunywa nini. Nikamwambia nitamweleza baadaye. Mama hana elimu ya darasani lakini si mjinga. Alizipanga katoni chini ya kitanda, akazifunika na blanketi.

4

Siku mbili sikulala wala sikula. Wilfredi alikwisha pakia mapipa kwenye gari, na kila aliponiuliza tunaondoka saa ngapi nilitafuta kitu cha kupima upya.

Kilichonishinda ni kicheko. Asubuhi ya siku niliyoagizwa kumwaga, nilipita shuleni, na watoto wa darasa la pili walikuwa uani wakicheza kombolela. Mmoja alikamatwa na wote wakacheka, midomo wazi, meno meupe mia moja kwa mpigo. Nikakata kona na gari langu la mapipa, nikaenda moja kwa moja kwa Anandumi Pallangyo.

Anandumi ndiye mwenyekiti wa mfongo. Ana miaka arobaini na tano, alikuwa dereva wa lori mpaka magoti yalipopinda, na ulimi wake hauna breki. Ana watoto watatu walio chini ya miaka tisa. Nilimweleza yote, pamoja na agizo, pamoja na katoni. Nilidhani atanipiga, na nisingejikinga.

Akasema, "Mama Nengo, wewe ulitupa meno ukachukua mifupa." Baada ya hapo akaniuliza kitu ambacho Mkurugenzi hakuwahi kuniuliza. Aliniuliza tunahitaji siku ngapi za watu kutulia.

Nikamwambia siku arobaini kwa wakubwa, mpaka miili yao isafike. Kwa watoto, miaka.

"Basi tufunge mfongo," akasema. "Aliyeweka jiwe hakimbii."

Tulimpigia Mkurugenzi pamoja. Alifoka, akaniita msaliti, kisha, kwa kuwa mambo yalikwisha kuharibika, akatupa mpaka kesho yake saa sita mchana. Kifungulio kingemwagwa watoto wakishaondolewa kwenye maji ya mfongo: shule ingekuwa makazi yao, yeye angeleta malori ya maji na maziwa, na wazazi wangeingia na kutoka wakiwaona wana wao. Lakini nyumba moja tu ikikosekana, yeye ataichukua kazi mwenyewe. Askari watafunga barabara, watoto watapelekwa kambi ya mbali bila wazazi, na mfongo utamwagwa dawa bila kumngoja mtu.

Mkutano ulikuwa alasiri, kwenye mdomo wa mfongo. Sitaki kuusimulia wote. Nilisema kosa ni langu, si la magadi yao. Mama mmoja alinirushia kandambili ikanipiga shavuni, na nikaona ni haki yake. Mzee mmoja aliuliza nani anahakikisha miaka sita haitakuwa kumi na sita, nikamjibu kwamba mimi siwezi kuhakikisha. Wengi walilia bila sauti. Anandumi aliwaambia kwa kifupi: anayetaka kukimbia akimbie sasa, na huko aendako awaambie watu amewaletea nini. Kisha akasema kesho saa mbili mawe yawe hapa. Watu wakatawanyika bila kuagana.

Mama alisimama nyuma kabisa wakati wote ule, amemshika Nengo mkono wa kulia. Nilipomfuata alikuwa ameshaondoka. Nilibaki na Wilfredi na Anandumi kupanga mapipa, nikalala shuleni juu ya dawati.

5

Walikuja.

Sikuwa na imani hiyo, sitadanganya. Saa mbili kasoro nilisimama ukingoni nikitazama njia, na nilipoona mtu wa kwanza anateremka na jiwe begani nikaanza kulia kama mwehu. Vitinda mimba wenye umri mkubwa waliingia majini wenyewe na mabuti ya mpira. Wale wadogo, wazazi waliwawekea jiwe, na mtoto akaligusa tu kwa mti mrefu ili maji ya chembe yasimguse. Jiwe lenye alama ya jembe. Jiwe lenye alama ya nyota. Yule mama wa kandambili alileta la kwake, akalitupa kwa nguvu likanirushia maji usoni, akaenda kusimama na wenzake.

Maji yalianza kupungua. Anandumi aliyataja majina ya nyumba moja baada ya jingine, na kila nyumba ikaitika. Saa nne unusu mawe yalikuwa sabini. Akatazama orodha, akanitazama mimi, akaitazama tena orodha.

Nyumba ambayo haikuleta jiwe ilikuwa yetu.

Nilikimbia. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, jiwe la Kanankira limeuzuia kama kawaida yake, na mbuzi alikuwa ameingia ndani anakula maganda ya ndizi. Chini ya kitanda hapakuwa na katoni hata moja. Nguo za shule za Nengo hazikuwepo msumarini.

Nilimpigia mama mara tatu. Mara ya nne akapokea, na nyuma ya sauti yake nikasikia injini.

"Uko wapi, mama?"

"Kwenye lori la nyanya. Usiniulize linakwenda wapi."

Nikamwambia arudi. Nikamwambia habari ya saa sita, ya askari, ya kambi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema polepole kwamba yeye ameshazika mtoto mmoja aliyefungiwa ndani miaka kwa miaka akingoja dawa, na kwa huyu wa pili hatangoja.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha," akasema. "Ulileta maji ya mtoto mmoja ukaniambia nisiseme. Leo unataka niwe mtu wa kijiji?"

Nikauliza lile tu nililopaswa kuuliza. "Nengo ameshuka kukojoa?"

Nikamsikia akimuuliza mtoto. "Bado. Anasema amebanwa. Dereva amesema tutasimama darajani."

Darajani ni kwenye mto mkubwa. Nikamwomba anipe Nengo. Nilimsikia akichukua simu, akipumua, akiniambia mkono hauumi sana na kwamba bibi amesema wanakwenda kuona treni. Aliniuliza jiwe nani ataweka. Nilimwambia nitaliweka kwa niaba yake. Akacheka, akasema mimi si kitinda mimba, nitakosea. Kisha simu ikakatika, na nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Nilirudi mfongoni nimelikumbatia jiwe. Watu walinipisha. Kila mmoja wao alikuwa na mwana anayempenda kama mimi, na kila mmoja alikuwa amemleta. Saa yangu ilionyesha tano na dakika kumi. Ningeweza kusema mama anaumwa, yuko njiani, anakuja. Wangeniamini. Ningeweza kuliweka jiwe nikanyamaza, mawe sabini na moja yakatimia, na mahali fulani mwanangu angepona au asingepona akiwa huru, na mto ungejua siri yetu peke yake. Nililifikiri hilo kwa urefu wa hatua kama ishirini, toka kwenye kichochoro mpaka ukingoni. Nilimsikia bado akicheka sikioni.

Anandumi alikuwa na simu mkononi. Wapwa zake walikuwa wanafanya kazi kwenye mizani ya malori, kilomita tatu kabla ya daraja.

"Lori la nyanya," nikamwambia. "Walisimamishe. Ndani yupo mama yangu na mtoto wa kike wa miaka minane, ana plasta mkono wa kushoto. Amebanwa na mkojo. Wampe ndoo, wasimshushe chini mpaka nifike."

Aliniuliza kama nina hakika.

"Mama atasema si yeye," nikasema. "Wamchekeshe huyo mtoto, watamjua."

Akaanza kupiga simu. Nikavua viatu, nikaingia majini, na jiwe la nyumba yetu nikaliweka penye nafasi iliyobaki.